Majivu Chini ya Banda

Buzuruga, asubuhi

Jirani yangu husoma kabla ya kunywa chai, na anachosoma ni majivu. Kila jioni akishawafungia sungura wake humwaga majivu ya jikoni chini ya banda, akayasawazisha kwa kipande cha ubao. Kukipambazuka utamkuta amechuchumaa pale, kikoi kiunoni, kijiti mkononi.

“Mwangaluka, Fundi.”

“Mwangaluka. Njoo umwone mgeni wetu.”

Alikuwa seremala mpaka macho yalipochoka, na mtaa mzima tunamwita Fundi. Namwamkia kwa Kisukuma kwa sababu anapenda hivyo, ingawa Kisukuma changu kinaishia hapo hapo kwenye salamu. Ananionyesha kwa kijiti. Alama ya duara yenye vidole vinne bila kucha ni paka, maana paka akitembea hurudisha kucha zake ndani. Vidole vyenye nukta za kucha mbele yake ni nguchiro. Na ule mstari uliopinda katikati ya nyayo, kana kwamba mtu amepita akiburuta kamba, ni mkia wa kenge aliyepanda kutoka mtaroni.

“Wote watatu usiku mmoja?”

“Huu ulikuwa usiku wa kawaida tu.”

Banda lenyewe limeinuliwa kwa miguu minne, kila mguu karibu mita moja, nao umesimama ndani ya kopo la rangi lenye oili chafu aliyoiomba gereji iliyopo barabara ya Musoma. Fremu ni papi, kuta za ubavuni ni mabanzi ya mashine ya mbao, paa ni bati lililotokeza mbele kama kofia ya pama. Sakafu ni wavu mzito ule ambao maduka ya vifaa vya ujenzi huuita kofitrei, kwa sababu wakulima huanikia kahawa juu yake. Choo cha sungura kinadondoka chini chenyewe. Ndani ameweka kipande cha ubao laini ili sungura wapumzishe nyayo, kwani sungura anayesimama juu ya waya mchana kutwa hupata vidonda vya miguu. Mlangoni kuna komeo, na juu ya komeo kuna kufuli.

Nilimuuliza kufuli la nini. Akanitazama kama vile nimetoka mbali sana. Ni kweli nilikuwa nimetoka mbali: juma moja nyuma yake nilikuwa Leicester, Uingereza, nikimzika sungura.

Leicester, Oktoba

Dada yangu alikuwa na watoto wawili na sungura wawili. Watoto wapo salama.

Banda lao lilikuwa zuri kwa sura, limepakwa rangi ya majani, lina ghorofa na ngazi ndogo. Shemeji alilinunua likiwa limeshaundwa na kuliweka moja kwa moja juu ya nyasi za uani. Mbele lilikuwa na wavu wa kuku, ule mwembamba wenye matundu ya pembe sita, na mlango ulishikwa na kipande cha ubao kinachozunguka kwenye msumari. Nililisifu mimi mwenyewe. Sikujua ninachokitazama.

Tunasema sungura hana sauti. Anayo, ila huitunza kwa ajili ya siku moja. Niliisikia usiku wa manane, ikanitoa kitandani nikidhani ni mtoto wa jirani. Tuliposhuka na tochi, kile kipande cha ubao kilikuwa kimezungushwa na wavu umechanika kama soksi kuukuu. Sungura mmoja hakuwepo, kumebaki vifungu vya manyoya vilivyotapakaa hadi kwenye ua. Wa pili alikuwa amejikunyata kwenye kona ya juu, hana hata mkwaruzo. Mpwa wangu mdogo alimbeba kifuani akasema, “Mjomba, huyu amepona.” Kesho yake mchana akafa. Daktari wa mifugo alisema ni mshtuko, na kwamba hilo hutokea: moyo wa sungura unaweza kushindwa kwa hofu tu, hata meno yasipomgusa.

Aliyefanya kazi hiyo ni mbweha mwekundu. Kwa hesabu yangu ya mtu wa Mwanza, mnyama wa mwitu ni wa porini, na mji kama Leicester, wenye mabasi ya ghorofa na taa usiku kucha, ungemfukuza. Kumbe mji ndio uliomvuta. Mbweha wa Uingereza walianza kuhamia vitongojini katika miaka ya 1930, walipojengewa kitu walichokuwa wakikitamani bila kujua: nyumba zenye bustani, vibanda vya kulala chini yake, na mapipa ya makombo. Katika mji wa Bristol waliongezeka mno, mpaka ugonjwa wa upele ulipoingia mwaka 1994 na kuua zaidi ya asilimia 90 yao katika miaka michache. Hata hivyo hawakwisha. Uwindaji wa mbweha kwa kundi la mbwa na farasi, ambao tuliuona kwenye picha za vitabu vya Kiingereza shuleni, ulikatazwa kwa sheria ya mwaka 2004. Yule wa mjini sheria haikumhusu sana. Hakuna farasi anayekimbia katikati ya mapipa ya taka.

Upande wa kulia wa nyumba ya dada anaishi bibi mmoja wa Kiingereza ambaye kila jioni humwekea mbweha sahani ya mabaki ya kuku. Upande wa kushoto anaishi mzee wa Kihindi aliyezaliwa Mwanza. Baba yake alifanya kazi kwenye kinu cha kuchambua pamba. Aliposikia natoka Buzuruga alishika ua kwa mikono miwili. Kiswahili chake ni kile cha zamani, kimetunzwa kama nguo ya harusi.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Poleni na sungura. Huyo bweha namjua sana. Saa kumi na moja alfajiri anapita juu ya ukuta wangu, tena polepole, kama mtu anayekagua shamba lake.”

“Sasa kwa nini yule mama anamlisha?”

Alicheka. “Yeye anamwita mgeni. Wewe unamwita mwizi. Wote wawili mnamwekea chakula.”

Kauli hiyo ilimchoma dada, kwa kuwa ilikuwa ya kweli.

Jumamosi mimi na shemeji tukajenga upya. Tulijifunza mengi kwa kumfikiria mbweha mwenyewe. Wavu wa kuku umetengenezwa kuzuia kuku wasitoke, haukutengenezwa kuzuia meno yasiingie. Tukanunua wa chuma kilichounganishwa kwa kuchomelewa, matundu madogo ambayo vidole vyangu viwili havipiti. Mlangoni tukaweka makomeo mawili, juu na chini, kila moja na kibano chake, kwa sababu mbweha hukwaruza na kusukuma mpaka kinachozunguka kizunguke. Juu tukafunika, maana anapanda ukuta kama paka. Lililonifurahisha zaidi ni la chini. Tulitandika wavu ardhini kuzunguka banda, nusu mita kwenda nje, tukaupigilia vigingi na kuurudishia nyasi juu. Mbweha akitaka kuchimba huanzia pale ukuta unapokutana na ardhi. Anakuta chuma chini ya makucha yake. Anahama hatua mbili kushoto, anachimba tena, chuma. Wazo la kurudi nyuma nusu mita na kuanzia huko halimjii. Eti mnyama huyu ndiye mwerevu wa hadithi zote za Ulaya.

Shemeji akasoma ushauri wa Rabbit Welfare Association, chama cha kutetea sungura cha huko: sungura wawili wapewe eneo la mita 3 kwa 2, kimo mita 1, muda wote, usiku na mchana. Nikapiga hesabu nikaona ni chumba alichopanga rafiki yangu mmoja pale Mabatini alipoanza maisha. Sikusema.

Ndani ya ndege: neno lenyewe

Njiani nilikuwa nikisumbuliwa na neno. Niliwaambia wapwa zangu kwamba sungura wao ameliwa na mbweha, na nilisema kana kwamba namjua. Ukweli ni kwamba mbweha mwekundu hapatikani kwetu. Kusini ya Sahara hayupo, labda umfuate Mto Nile hadi kule Sudan. Mimi mbweha nilimjua kanisani. Ni katika Injili ya Luka ambapo Yesu anamwita Herode mbweha, na katika Mathayo wana mapango yao. Waliotafsiri walihitaji jina, wakachukua la mnyama wetu aliyefanana.

Na sisi tunao waliofanana. Serengeti kuna bweha mgongo-mweusi na bweha miraba. Yule wa tatu, tuliyemwita bweha wa dhahabu, mwaka 2015 wataalamu wa vinasaba walimchunguza wakakuta ni jamii ya mbwamwitu wakubwa wa kaskazini, si bweha kabisa. Amekaa miaka yote hiyo na kitambulisho cha mtu mwingine. Kisha yupo mbweha masikio, na huyu kweli ni wa ukoo wa mbweha. Chakula chake kikubwa ni mchwa. Masikio yale makubwa anayainamishia ardhini awasikilize wakitembea. Ukimwekea sungura mbele yake nadhani atamwomba radhi.

Kwa upande wa sungura nako tumechanganya. Yule wa hadithi za bibi, anayemzidi fisi akili, ni sungura wa mbugani: huzaliwa na manyoya, macho wazi, na muda mfupi baadaye anaweza kukimbia. Hachimbi shimo. Huyu mweupe wa bandani ametoka Hispania na Ureno, na huzaliwa kipofu, uchi kama kidole gumba. Warumi walimsambaza, Wanormani wakamfuga Uingereza kwenye mashamba maalumu, wakoloni wakamleta huku. Sisi tukampa jina la ndugu yake wa mbali, na pamoja na jina tukampa na sifa za werevu ambazo hana. Mtoto wa Buzuruga akiona sungura ameliwa hushangaa kwanza: mbona hakumdanganya?

Lamadi, Novemba

Nilikuwa na shughuli ya posa Lamadi, kwa hiyo nikapanda basi dogo. Igoma, Kisesa, Magu, kisha tambarare. Pale Kisesa unapita njia ya kwenda Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, ambako wachezaji ngoma hujizungushia chatu shingoni. Abiria mwenzangu alinihakikishia kwamba chatu wa Bujora hali sungura wa mtu. Anakula wa kwake, alisema, amelipiwa.

Lamadi imekaa katikati ya ziwa na Serengeti. Lango la Ndabaka liko karibu tu. Usiku wa kwanza nikiwa nimelala niliwasikia bweha, mmoja akianza na wengine wakiitikia. Nikafurahi. Hatimaye nimefika kwenye swali langu, nikajisemea. Hapa ndipo nitaona banda la kumzuia mbweha.

Mama mwenye nyumba ana sungura sita. Asubuhi nilimkuta akiwakatia matembele na mchunga. Nikamwomba anionyeshe banda.

“Banda lipi, baba?”

“La sungura, mama. Wanalala wapi?”

Akanionyesha jikoni. Mchana wanajitafutia ndani ya ua uliozungushiwa minyaa na, kwa ndani, matawi ya miiba. Jua likianza kushuka mjukuu wake anapiga sahani ya bati, wanaingia wenyewe jikoni, na mlango wa mbao unafungwa kwa gogo. Wanalala chini ya kichanja cha vyombo. Kuku juu, sungura chini, mbuzi chumba cha pili.

Nikamuuliza kuhusu bweha. Alipuuza kwa mkono. “Bweha ni mtoto. Anaogopa hata mfuniko wa sufuria. Ukijenga kwa ajili ya bweha, fisi atakushukuru.” Fisi anavunja mfupa wa paja la ng'ombe kwa taya, banda la papi na wavu kwake ni kiberiti. Ndiyo maana hakuna banda. Kitu pekee kwenye uwanja ule chenye uwezo wa kumshinda fisi ni nyumba yenyewe, basi sungura wakapewa nyumba.

Nikamweleza habari za Leicester, wavu wa chini ya nyasi, bibi na sahani ya kuku. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea: “Na wale sungura walikuwa wanachinjwa lini?” Nikasema hawakuwa wa kuchinjwa, walikuwa wa watoto. Akatingisha kichwa taratibu. “Basi kifo chao kilikuwa kikubwa zaidi,” akasema, akaendelea kukata matembele.

Saanane, dokezo fupi

Nimevuka siku moja kwenda kisiwa cha Saanane, boti ni dakika chache kutoka mjini. Bustani ya kwanza ya wanyama ya serikali ilianzishwa hapa mwaka 1964, na tangu 2013 kisiwa ni hifadhi ya taifa. Kimebeba jina la Mzee Saanane Chawandi aliyekuwa mwenyeji wake. Nilikwenda kwa ajili ya pimbi, ambaye kwa macho ya haraka ni sungura aliyesahau masikio. Mmoja huketi juu ya jiwe akiangalia. Akitoa mlio, wenzake wanamiminika kwenye nyufa ambazo mkono wangu hauingii. Ndivyo walivyo hata kwenye milima ya mawe nyuma ya nyumba zetu. Sungura naye huonya, kwa kugonga ardhi kwa mguu wa nyuma. Lakini onyo la pimbi linafuatwa na ufa wa jiwe. La sungura wa bandani linafuatwa na ukuta wa nne.

Buzuruga tena

Mvua zimeshika, na sasa naelewa makopo ya oili.

Fundi alinisimulia akiwa ananoa randa asiyoitumia tena. Banda lake la kwanza lilikuwa chini, juu ya matofali. Paka hakuingia, mbwa koko hawakuingia, mlango ulikuwa mzito. Usiku mmoja wa masika akasikia miguu ya sungura ikigonga, ikagonga, kisha ikanyamaza. Alidhani wametulia. Asubuhi majani ya banda yalikuwa yanatembea. Siafu. Walikuwa wamepita kila tundu la wavu, na jike aliyekuwa na watoto wa siku nne hakuweza kukimbia, wala watoto hawakuwa na macho ya kuona linalowapata.

“Mbwa unamfungia mlango,” alisema. “Siafu utamfungia nini?”

Tangu hapo miguu ikainuka, makopo yakaja. Oili lazima iongezwe, kwani mvua hulijaza kopo maji na jani moja likianguka juu yake ni daraja. Tawi la mwembe likigusa paa, nalo ni daraja. Hulikata kila mwezi. Anapenda kivuli cha ule mwembe, maana sungura huvumilia baridi kuliko joto, lakini kivuli anakitaka bila tawi. Kuinua banda kukaleta adui mwingine: nguchiro na kicheche wakasimama chini na kunyofoa vidole vya sungura kupitia sakafuni. Ndipo akaongeza wavu wa pili, kiganja kimoja chini ya ule wa kwanza. Panya buku akaja kwa ajili ya watoto wachanga, naye akafungiwa kwa bati kwenye kisanduku cha kuzalia. Mwewe wa mchana, na wale korongo vipara wa jalalani, wamezuiwa na paa lile lililotokeza.

“Na kufuli?”

“Kufuli ni la Desemba,” akasema Fundi. “Watu nao wana msimu.”

Nilimwonyesha kwenye simu picha ya banda jipya la Leicester. Aliivuta karibu na macho, akaikuza, akairudisha. Miguu hakuna! Halafu akaona ule wavu uliotandazwa ardhini, nikamweleza mbweha anavyochimba na kuhama, kuchimba na kuhama. Akakaa kimya muda, kijiti kikichora pembeni ya majivu umbo la mnyama: pua ndefu, mikono ya kuchimbia, kimo cha mbwa mdogo, mzito wa kutosha kusukuma ila si wa kuvunja. Hakuwahi kumwona. Alimtoa kwenye banda tu, kama mtu anayepima mguu kwa kuangalia kiatu. Alipomaliza ilibidi nimsahihishe mkia peke yake.

“Mwambie shemeji yako lile paa linavuja,” akasema. “Misumari ipo bondeni.”

Nikatuma ujumbe. Dada alijibu kwamba paa limeanza kuvuja kweli, na kwamba wapwa zangu wanaomba sungura wengine, na yeye bado anasema hapana, ila kwa sauti ndogo.

Juzi jike wa Fundi alizaa, baada ya mwezi mmoja kamili, watoto saba. Akatoa amri kwa mtaa wote: hakuna kuchungulia kwa siku kumi, jike akishtuka anaweza kuwakanyaga au kuwala. Mjukuu wake wa miaka sita aliisikiliza amri hiyo mikono ikiwa nyuma.

Leo asubuhi nimemkuta Fundi amechuchumaa kama kawaida. Hapakuwa na paka, wala kenge. Juu ya majivu kulikuwa na nyayo mbili ndogo za mtu, vidole vitano vitano, visigino vimesimama pamoja muda mrefu, kisha zimeondoka kwa ncha za vidole. Kufuli lilikuwa mahali pake. Kwenye wavu, upande wa jike, kulikuwa na jani moja la matembele, bichi bado, limesokotwa likapitishwa tunduni.

Fundi alitazama dirisha la chumba cha watoto, akachukua ubao wake, akayasawazisha majivu.